Kiambaza Kilichoanzia Mezani

"Kwa maana yeye ndiye amani yetu, aliyetufanya sisi sote tuliokuwa wawili kuwa mmoja, akakibomoa kiambaza cha kati kilichokuwa kimetutenga." (Waefeso 2:14)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii sijaweza kulivuka neno "kiambaza", yaani ukuta wa miti na udongo. Tumezoea kusema ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini uliletwa na serikali iliyoingia madarakani mwaka 1948. Kwa sheria, ndivyo. Lakini miti ya kiambaza kile ilichimbiwa kanisani, tena penye Meza ya Bwana.

Mwaka 1829 sinodi, yaani mkutano mkuu, ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi huko Cape iliamua washirika wote waishiriki Meza pamoja, bila kujali rangi. Mwaka 1857 sinodi ikakiri kwamba kuabudu pamoja ndiko kunakopatana na Maandiko, kisha papo hapo ikaruhusu watengane, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi. Walio dhaifu ni wazungu waliokataa kushiriki kikombe na ndugu zao. Hapa ndipo ninapoumia: Neno walilijua, wakalilegeza ili wasiwaudhi wenye nguvu. Kufikia 1881 wale walioitwa machotara walikuwa wametengewa kanisa lao.

Serikali ilipotunga Sheria ya Maeneo ya Makundi mwaka 1950, iliyogawa mahali pa kuishi kwa rangi, ilikuta watu wamekwisha kuzoea. Mwaka 1966 mtaa wa District Six, Cape Town, ukatangazwa kuwa wa wazungu tu. Watu wapatao 60,000 walihamishwa, wengi wakatupwa Cape Flats, kwenye nyanda za mchanga mbali na mji. Sheria ikafutwa 1991, lakini umbali haukufutika. Wajukuu wao bado wanadamka alfajiri kufuata kazi mjini.

Huko huko Cape Flats kuna kitongoji kiitwacho Belhar. Mwaka 1982 kanisa lile lililotengwa lilikutana hapo, likaandika ungamo la imani kwamba kuwatenga watu kwa rangi ni kuikana Injili ya upatanisho. Waliosukumwa mbali na Meza ndio waliolikumbusha kanisa Meza ni ya nani.

Na pale District Six, matingatinga yalipokwisha kubomoa nyumba, kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Marko lilibaki limesimama. Washirika wake waliohamishwa waliendelea kurudi Jumapili, safari ndefu kutoka Cape Flats, wakapiga magoti mbele ya Meza ile ile.