Kuhama chuo cha uuguzi: hesabu iliyomaliza mjadala
Suala la mwanafunzi kuhamia chuo kingine cha uuguzi katikati ya masomo au kubaki alipo lilitatuka pale sifa za chuo zilipowekwa kando, yakahesabiwa masomo ambayo chuo kipya kingeyapokea. Ithibati kwanza: chuo kisipotambuliwa na mamlaka ya wauguzi, mhitimu anaweza kunyimwa leseni, jina kubwa au la. Kisha peleka kwa chuo kipya nakala rasmi ya matokeo pamoja na muhtasari wa kila somo, na udai jibu la maandishi; ahadi ya simu haihesabiki. Anatomia na fiziolojia aghalabu hupokelewa. Kinachokwama ni uuguzi wa msingi na saa za mazoezi wodini, kwa kuwa kila mtaala una mfuatano wake. Hasara ya kurudia masomo ikiwa muhula mmoja, na wahitimu wa chuo kipya wanafaulu zaidi mtihani wa leseni, hama. Ikizidi mwaka, malizia ulipo.