Gunia Lishuke, Mtoto Akae

Julai ya mwaka 2004 nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nasoma shule ya kutwa upande wa Uyole na kuishi kwa shangazi yangu Mwanjelwa. Anayeijua Mbeya anaijua na Julai yake: saa kumi na mbili jioni vidole vimeshakufa ganzi, saa moja haijagonga giza limeshatanda barabara kuu. Kila asubuhi shangazi alinipa sarafu mbili za shilingi 50, ya kwendea na ya kurudia. Ya kurudia niliifunga kwenye ncha ya leso, maana ikipotea ni kutembea.

Ya kwendea haikuwa na shida sana. Shida ilikuwa jioni. Tulikuwa tunatoka shule saa kumi na nusu na kusimama kituoni pale Uyole kundi zima, masweta ya rangi tatu nne za shule mbalimbali, na Hiace zikija zinatuangalia kama zinavyoangalia nguzo za umeme. Konda anachomoza kichwa: "Denti hapana! Watu wazima, watu wazima!" Gari likijaa ndipo anasema, "Haya, madenti wawili, mlangoni, msimame." Tunakimbia. Wakubwa wanawasukuma wadogo, na mimi nilikuwa nasukuma pia, siwezi kusema uongo. Wakati mwingine nilipata gari la tano, wakati mwingine la tisa.

Miaka mingi baadaye binamu yangu alipokuwa konda ndipo alinieleza mambo yalivyo. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, gari lijae lisijae. Mafuta yanatoka mfukoni mwa dereva na konda, na kinachobaki baada ya hapo ndicho wanachogawana. Mwanafunzi analipa nusu. Akikaa, siti hiyo imelala nusu. "Dada, mimi simchukii mtoto," aliniambia, "lakini nikibeba madenti kumi nitakwenda kula wapi?" Wakati huohuo gunia la viazi linalipiwa nauli kamili kama mtu. Kwa hiyo pale Uyole, ambako viazi na ndizi vinashuka kila siku kutoka milimani na upande wa Tukuyu, gunia lilikuwa linapata nafasi kabla yangu. Nasema hivi bila kutia chumvi. Nililiona gunia la lumbesa, limefumwa kilemba cha kamba juu, limekalishwa kwenye siti, na mimi nimesimama nimeinama juu yake.

Sasa nieleze siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa tumebakishwa kwa ajili ya usafi, kwa hiyo nilifika kituoni nimechelewa. Magari manne yalinikataa. La tano, konda akanionyesha kidole: "Wewe mrefu, ingia. Na huyo mdogo." Mdogo alikuwa mtoto wa kiume wa darasa la pili au la tatu, simjui, mkoba wake wa kiroba umemfunika mgongo wote. Nikaingia, yeye mbele yangu, konda nyuma yetu akining'inia mlangoni. Ndani ya Hiace mtu mrefu hawezi kusimama wima. Unainamisha shingo, mkono mmoja kwenye chuma cha siti, mwingine huna pa kuuweka, na anayefunga mlango anakupitishia mkono mgongoni ili na yeye ajishike.

Mkono ule haukuishia kujishika. Tulikuwa hatujamaliza hata kilomita moja nilipousikia chini ya sweta langu. Nikajisogeza, ukanifuata. Sikupiga kelele. Nimeulizwa mara nyingi na wanawake wenzangu kwa nini sikupiga kelele, na jibu langu ni lilelile: sauti ilikauka, na nilikuwa naogopa kushushwa gizani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilitoa ile sarafu yangu kwenye leso haraka haraka, nikidhani nikilipa ataniacha. Akaisukuma. "Wewe sikudai," akasema karibu na sikio langu. "Utanilipa siku nyingine."

Abiria mmoja mwanamume akacheka, "Konda na wewe!" Basi, akageukia dirishani.

Maneno yale ya kunilipa siku nyingine yaliniogopesha kuliko mkono. Nilikuwa nawajua wasichana wawili shuleni kwetu waliokuwa "wanabebwa". Hawakuwa wanasukumana kituoni kama sisi. Gari linasimama, wanaitwa, wanakaa mbele. Mmoja wao hakurudi kidato cha tatu, na sote tulijua sababu ingawa hakuna mwalimu aliyeitamka. Nikaona nami naandikwa kwenye daftari hilohilo.

Ndipo yule mdogo akasema, "Shusha." Alisema kwa sauti ndogo ya mtoto aliyefundishwa adabu. "Konda, shusha Nanenane." Gari halikusimama. Akasema tena. Konda akapiga mluzi tu, maana kusimama kwa ajili ya denti mmoja pale ambapo hakuna abiria wa kupanda ni kupoteza muda na mafuta. Viwanja vya Nanenane vikapita upande wa dirisha, vyeusi. Mtoto akaanza kulia, kile kilio cha kujibana, mabega yanatetemeka chini ya mkoba.

Kwenye siti ya pili alikuwa amekaa bibi mmoja na gunia lake la viazi. Sikuwa nimemtazama. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya kitenge na kofia ya sufu ya kiume kichwani. Alinyoosha mkono akagonga bodi la gari mara tatu, *ngo, ngo, ngo*, kwa kiganja kile cha mtu aliyelima maisha yake yote. Dereva alidhani ni konda wake, akakanyaga breki.

"Mtoto amesema shusha," bibi akasema. "Mara mbili. Wote mmesikia."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma akasema anashukia hapohapo, atamrudisha, wanakaa mtaa mmoja. Wakashuka. Nilimuona akimshika mkono wakaanza kurudi na barabara, mpaka taa za lori zikaja zikawafuta.

Bibi akanigeukia mimi. Sijui aliona nini. Pengine alikuwa ameshaona tangu mwanzo, au aliona tu uso wangu. "Wewe binti, njoo ukae hapa."

Konda akadakia, "Bibi, hiyo siti imelipiwa na gunia."

"Gunia la nani?"

"Lako, bibi."

"Nimelilipia kama mtu. Basi leo mtu ni huyu. Gunia lishuke, mtoto akae."

"Nitaliweka wapi sasa, bibi?"

"Liweke pale alipokuwa amesimama yeye. Na wewe ulikumbatie hilo."

Watu wakacheka, na yule yule aliyesema "Konda na wewe" akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilikaa nikitetemeka, bibi akautoa mkono wake kwenye kitenge akaufunika wangu, na hatukusema chochote hadi kituo cha Soweto. Mkono wake ulikuwa unanuka udongo na moshi wa kuni. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo mabega yangu yanashuka.

Tuliposhuka Mwanjelwa (soko la zamani, kabla halijaungua mwaka 2006) bibi alinishika bega akanigeuza niitazame Hiace. "Mimi sikusoma," akasema. "Wewe umesoma. Soma namba hiyo, kwa sauti." Nikaisoma. "Tena." Nikaisoma tena, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, konda amesimama pale akijifanya anapanga hela. Nikaiandika nyuma ya daftari la Historia.

Akanipeleka kituo cha polisi usiku uleule, gunia lake ameliacha kwa mwenzake. Askari aliyekuwa kaunta hakuwa mtu mbaya. Lakini kulikuwa na watu kama saba wamekaa kwenye benchi, wanaume watupu, na akaniuliza mbele yao, kwa sauti ya kawaida ya kazi, "Alikufanyia nini hasa?" Nikasema, "Hakuna." Bibi akanitazama, hakunilazimisha. Tukatoka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilikuwa imepitishwa tangu 1998. Kanuni ya Adhabu ilikuwa na kifungu cha 138D, kinachomtia hatiani anayembughudhi mwenzake kijinsia kwa maneno au kwa vitendo. Sheria ilikuwepo miaka sita, na mimi niliishinda kwa neno moja kwa sababu hapakuwa na chumba chenye mlango. Siku hizi vituoni kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Nikisikia mtu analibeza kwamba ni meza tu na kiti, ninamwambia habari ya benchi lile.

Nyumbani shangazi alinipokea na swali: "Ulikuwa wapi hadi saa hii?" Bibi ndiye aliyejibu. Walizungumza nje, Kinyakyusa, sikusikia yote. Shangazi alipoingia aliniwekea maji ya moto ya kuoga bila neno, na tangu siku ile hakuniuliza tena swali lile kwa sauti ile.

Mimi sasa ni mama, binti yangu anasoma hukuhuku. Nauli zilipopanda mwaka 2022, ya mwanafunzi iliachwa shilingi 200. Nilifurahi, na bado nasema isiguswe. Lakini ile tofauti kati ya 200 na nauli kamili lazima itoke kwa mtu, na mpaka leo anayeilipa ni mtoto, kwa kusimama, kwa kungoja hadi giza, na kwa msichana kushukuru anapoitwa "wewe mrefu, ingia". Wenye magari wapunguze hesabu kwa saa za wanafunzi, na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, wanapompa mtu leseni ya njia wamuulize watoto wa njia hiyo watakaa wapi. Vituo viwekewe taa. Konda avae kitambulisho chenye jina linalosomeka. Mambo haya hayahitaji mabasi mapya.

Wiki ile nilikataa kwenda shule Ijumaa. Jumatatu shangazi alinisindikiza asubuhi, na jioni nilikuwa nimeshaamua kutembea. Nilipofika kituoni Uyole nilimkuta bibi. Hakuwa peke yake. Walikuwa wanawake watano, wauza viazi na ndizi, magunia na mikungu imepangwa ukingoni mwa lami. Konda wa Hiace ya kwanza, siye yule, alishuka akakimbilia magunia kwa furaha, maana mzigo ule ulikuwa karibu nusu ya gari kwa nauli kamili.

"Magunia mangapi, mama zangu?"

"Matano, na mikungu," bibi akasema. "Na watoto saba. Watoto wanaanza."

Konda akatutazama sisi, akayatazama magunia, akapiga hesabu kichwani. Nyuma yake Hiace nyingine ilikuwa imeshapunguza mwendo, na konda wake alikuwa anawapungia wale wanawake. "Haya," akasema, "watoto ingieni."

Tuliingia tukakaa. Wanne kwenye siti ya nyuma tumebanana, wawili mapajani mwa wale akina mama. Yule mdogo wa mkoba wa kiroba alikuwepo, amekaa juu ya gunia la bibi, miguu inaning'inia. Tulipokaribia Nanenane akavuta pumzi.

"Shusha!" akasema, na Hiace ikasimama.