Punda wa Weston na bahari iliyofungwa

Ukitaka kumpeleka mtoto Weston-super-Mare, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uingereza, tazama kwanza maji yanajaa saa ngapi, hali ya hewa baadaye. Mvua ya Uingereza utaikimbia uingie mkahawani. Lakini maji yakipwa Weston huna la kufanya: bahari inaondoka mpaka inabaki mstari wa kijivu kule mbali, na mbele yako ni mchanga, kisha tope.

Mimi ni mtu wa Lamu. Kwetu hata mtoto wa shule akitazama mwezi anajua kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Lakini bamvua yetu haifiki hata mita 5. Huku, mkono wa bahari wanaouita Bristol Channel ni mpana upande wa Atlantiki, kisha unazidi kuwa mwembamba kama faneli, na maji yakisukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Karibu na mji wa Bristol tofauti ya kupwa na kujaa yaweza kufika mita 14. Na kwa kuwa ufuo wa Weston umelala bapa, maji yakishuka yanakwenda mbali kwelikweli.

Mwanangu, miaka minne, mzaliwa wa Bristol, alisimama na ndoo yake akauliza, "Mama, bahari wameifunga?" Usimcheke. Amekulia mahali ambapo maktaba inafungwa, bwawa la kuogelea linafungwa, hata bustani ina saa zake. Babake akamjibu kwamba itafunguliwa saa tisa.

Tope lenyewe si la mchezo. Mabango yanakataza kulikanyaga, maana humnasa hata mtu mzima, na maji yakianza kurudi hayasubiri. Sisi tuliozoea kuvua viatu tukaingia mikokoni kutafuta kaa, tuyaache mazoea hayo nyumbani.

Tukaenda kwa punda. Wamepangwa foleni mchangani, wamepigwa brashi wanang'aa, hatamu zimeandikwa majina yao. Unalipa, mtoto anapandishwa, anatembezwa kidogo, anarudishwa. Nikampigia mama video aone mjukuu wake.

"Mwalipa?"

"Twalipa, mama."

"Kumpanda tu? Na huyo punda hapeleki kitu popote?"

Mtu wa Lamu utamwelezaje? Vichochoro vyetu havipitishi gari, kwa hiyo mchanga, saruji na mawe ya kujengea hupanda mgongoni mwa punda. Nikamkumbusha zahanati ya punda pale mjini, ambako punda mgonjwa hutibiwa bure. Walioianzisha, miaka ya 1980, ni The Donkey Sanctuary, shirika lililoundwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, na makao yake ni Sidmouth, Devon, si mbali sana na huku. Linaendeshwa kwa michango, nyingi ikiwa urithi: Mwingereza anakufa, wosia unasomwa, punda nao wametajwa. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza watoto wa marehemu walisemaje.

Kwa chakula ni samaki na chipsi, na kama unachunga halali, uliza mafuta kabla hujaagiza, kwani maduka mengine hukaangia mafuta ya ng'ombe. Kisha kula ukiwa umeupa ukuta mgongo. Shakwe wa huku hawaogopi mtu. Mmoja alishuka akachukua chipsi vidoleni mwa mwanangu, safi kabisa, bila kumgusa ngozi.

Cha kuogelea kipo, usiondoke bila kukiona: Marine Lake, ambako ukuta umejengwa ukazuia maji yasiondoke na wenzao. Ni kidimbwi kikubwa kilichotulia, mtoto anacheza pembeni bila mawimbi. Baridi yake lakini! Wangu aliingia hadi magotini, akatoka meno yakigongana, akataka kurudi tena. Beba taulo mbili na sweta, hata iwe Julai.

Safari haina gharama kubwa. Kutoka Bristol ni mwendo mfupi kwa treni, na mtoto wa chini ya miaka mitano halipi nauli.

Sasa tunapanga kwenda Sidmouth penyewe, wanakofugwa punda waliostaafu. Mama ameshatoa maagizo: niwafikishie salamu za punda wa ami yangu, waliyemtibu kwato, kwamba amepona na amerudi kubeba mchanga.