Lori la nne katika msafara

Utafiti wa misafara ya malori yanayofuatana kwa karibu huku yakiwasiliana kwa redio huelezwa mara nyingi kwa habari ya mafuta: lori la nyuma hukingwa upepo na la mbele, likatumia dizeli kidogo. Mimi huvutiwa zaidi na suala la udhibiti, yaani jinsi mtikisiko mdogo wa mwendo wa lori la kwanza unavyoweza kukua kadiri unavyorudi nyuma.

Jambo hili huonekana kwenye Barabara ya Mombasa, karibu na mizani ya Mlolongo. Dereva wa mbele hugusa breki kidogo tu. Wa pili, kwa kuchelewa kuitikia, hukanyaga zaidi. Wa nne husimama kabisa, breki za upepo zikifoka, ilhali mbele yake hakuna kilichoziba njia. Msafara ulio thabiti ni ule ambamo mtikisiko hupungua kila unapopita kutoka lori hadi lori.

Rada peke yake haitoshi malori yanapokaribiana sana, kwa sababu hutambua breki baada ya mwendo wa lori la mbele kuanza kupungua. Redio huwahi zaidi, kwani kompyuta inapoagiza breki, ujumbe unaweza kufika nyuma hata kabla shinikizo la upepo halijajaa kwenye breki za magurudumu. Barani Ulaya ujumbe wa namna hii hutumwa kwenye masafa ya gigahezi 5.9, hadi mara 10 kwa sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa, lori hukata takriban mita 22 kila sekunde. Ujumbe mmoja ukipotea, limeshasogea mita 2 zaidi bila habari mpya. Kwa hiyo kidhibiti kizuri, yaani programu inayoamua kasi na breki za lori, hupimwa hasa pale redio inaponyamaza: kinapaswa kurudi kwenye rada na kupanua nafasi taratibu, bila breki ya ghafla inayoanzisha mtikisiko uleule tunaoukimbia.

Mwezi wa Aprili 2016 malori ya kampuni sita za Ulaya yalifika Rotterdam kwa misafara, lakini kila kampuni ilisafiri na malori yake. Mradi wa Ulaya uitwao ENSEMBLE, ulioanza 2018, ulishughulikia namna malori ya kampuni tofauti yatakavyoelewana. Mwaka 2019 Daimler, kampuni ya Ujerumani inayounda malori, ilitangaza kwamba mafuta yaliyookolewa yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa, hasa msafara unapokatika na malori kulazimika kuongeza kasi ili yaungane tena.

Tangazo hilo halinikatishi tamaa. Kwetu, ambako lori la ekseli saba huruhusiwa kufikia tani 56 na jingine hurudi Mombasa tupu, ningependa wanafunzi wetu wa uhandisi waanze na onyo la breki linalomfikia dereva kwa redio, nafasi kati ya malori ikibaki kubwa, na kidhibiti kinachokadiria uzito wa mzigo kabla ya kuamua nguvu ya breki. Kazi hiyo haihitaji kungoja barabara ya njia nne hadi Mombasa.