Pini za Karatasi

Juzi nilimpeleka binti yangu Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, kupigwa picha ya pasipoti. Foleni za pale unazijua. Tulipokaribia dirisha akanivuta mkono: "Mama, mbona babu hakutaka kuingia?"

Babu alikuwa ametusindikiza hadi mlangoni, akasema anataka kuota jua, akavuka kwenda kuketi Uhuru Park. Nikamwambia mtoto babu haziwezi lifti. Si uongo mtupu.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka tisa. Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi, lilikuwa neno la kunong'onwa. Usiku mmoja baba aliingia, akavuta pazia kabla ya kuwasha taa, akatoa chini ya kitanda sanduku nililodhani ni la nguo kuukuu. Kumbe lilijaa karatasi za siklostaili. Mama hakuuliza kitu. Aliwasha jiko, akaanza kusukuma chapati.

Chapati usiku wa manane! Lakini ndiyo ilikuwa akili yake: jirani akinusa moshi, anuse na mafuta. Baba alichana, mimi nikakunjakunja, mama akalisha moto. Usiku ule nilijua kwamba karatasi ikiungua bado yasomeka. Hugeuka jani jeusi, na maandishi yapo palepale. Nilisoma "ardhi" kabla mama hajalivunja jani kwa mwiko.

Zikabaki pini. "Baba watoto, na hizi je?" Jiko la mwalimu lina pini za nini? Mama akachukua kichungi cha chai, akachekecha jivu polepole, asimwage hata chembe sakafuni. Pini zilikuwa nyeusi, zimepindika kama miguu ya siafu. Akazitia kwenye mkebe wa Kimbo. Kisha tukala chapati, maana zilikuwepo.

Alfajiri baba akashika njia ya Namanga. Dar es Salaam hakukaa. Nani alikuwa amesahau kwamba Ochuka, mwanajeshi aliyeongoza jaribio la mapinduzi la 1982, alirudishwa kutoka huko mwaka 1983? Akafika Sweden. Mwaka 1990, Koigi wa Wamwere, mpinzani aliyekuwa amekimbilia Norway, alipokamatwa na Kenya ikavunja uhusiano na nchi hiyo jirani ya Sweden, barua za baba zilikatika kwa miezi. Alirudi vyama vingi viliporuhusiwa, amevaa koti zito lisilofaa Nairobi.

Wanaume watatu walikuja siku mbili baada ya yeye kuondoka. Mmoja alivuruga jivu kwa kalamu.

Aliyekuwa akimletea baba zile karatasi hakupata usiku wa kuchoma. Alichukuliwa wiki hiyohiyo, akahukumiwa jioni, bila wakili, akakiri, kama walivyokiri wengi mwaka ule baada ya siku nyingi gizani na majini. Vile vyumba vya chini ya Nyayo House walimoteswa vilipofunguliwa watu wavione, mwaka 2003, nilimwomba baba twende. Alisema ana miadi ya daktari. Hakuwa nayo. Hajawahi kufungwa humo hata saa moja, na labda ndiyo sababu. Sijathubutu kumuuliza kama usiku ule alipata nafasi ya kumwonya mwenzake.

Mama alipofariki tuliukuta mkebe kabatini. Baba aliutikisa sikioni, akaurudisha.

Tulipomaliza tukavuka barabara kumfuata. "Babu," binti yangu akaanza hata kabla ya kuketi, "lifti yao ni nzuri tu!"

Baba akanitazama kidogo. Kisha akamuuliza kama kwenye picha alicheka.