Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa kituo cha mwisho cha metro, Dubai

Nyumbani Likoni, Mombasa, wakisikia niko Dubai hudhani nimezama kwenye marumaru na manukato. Nikisema mimi ni mlinzi wa kituo cha metro, sauti hushuka: "Aa, kazi ya kusimama." Haya, nasimama. Saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Hebu niwape Jumanne moja ya Agosti iliyopita, muone kusimama kwenyewe kulivyo.

Saa tisa na dakika kumi alfajiri. Simu yatetemeka chini ya mto. Siiachi ilie, maana chumbani tuko wanawake sita na wawili ndio kwanza wametoka zamu ya usiku. Tunakaa Muhaisnah, mtaa wa kambi za wafanyakazi ambao kila mtu huuita Sonapur. Rafiki yangu Mganda wa kitanda cha juu huwa amenitangulia bafuni hata nifanyeje. Nashuku hana usingizi.

Saa kumi. Basi la kampuni, usingizi wa dakika ishirini, paredi. Supavaiza anakagua viatu, kitambulisho, redio, kucha. Ndiyo, kucha.

Saa kumi na moja. Milango inafunguliwa. Kituo chetu kinaitwa Centrepoint. Zamani kilikuwa Rashidiya, na wakazi wa zamani bado hukiita hivyo. Jina la sasa ni la duka la nguo, kama vituo vingi hapa vinavyobeba majina ya biashara, kwa hivyo hakuishi kunijia mtu na orodha ya nguo za watoto akiuliza duka liko wapi. Duka hakuna. Kuna treni, mabasi, teksi, na jengo la maegesho linaloingia magari kama 2,700. Hilo jengo likumbukeni.

Hapa ndipo Laini Nyekundu inapoanzia tangu ilipofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009. Treni hazina dereva. Nilipomweleza mwanangu hilo aliuliza, "Sasa nani hupiga honi?" Mtoto wa Likoni, kwake chombo kisichopiga honi kama feri hakijaondoka.

Abiria wa mwanzo ni watu wa uwanja wa ndege: wapakiaji mizigo, wafagiaji, wasichana wa maduka ya manukato. Vituo viwili tu wako Terminal 3. Hao hawaulizi kitu. Kundi la pili ni waliopotea. Mtu katua Terminal 3, katoka na masanduku, kaingia treni ya kwanza iliyofungua mlango. Mji uko kule, yeye kaja huku. Anashuka kwangu akitafuta Burj Khalifa na anachokiona ni mabasi. Namgeuza. Kwa siku huwageuza watu wengi, hadi mkono unajinyoosha wenyewe mtu asijamaliza swali.

Kwa ajili hiyo nyumbani huniuliza kama nami nina ule mkono mkubwa wa sponji. Mnamkumbuka Mkenya mwenzetu Abubakr Abbas, aliyekuwa akiwaelekeza mashabiki njia ya metro pale Souq Waqif, Doha, wakati wa Kombe la Dunia la 2022, mpaka ulimwengu mzima ukaimba naye. Mimi sponji sina. Nina kidole changu na redio, na hapa mtu akiimba huitwa ofisini.

Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu sikumbuki ila migongo ya watu. Mabasi yanamwaga abiria wa Mirdif na wa International City, na kwa kuwa treni inaanza hapa ikiwa tupu, kila mtu ana hakika kuna kiti chenye jina lake. Wako wanaopanda Emirates, kituo kinachofuata, ambao hurudi nyuma kwanza mpaka kwetu ili waondoke wamekaa. Siwalaumu. Mwendo wa kutoka hapa mpaka Expo, ambako reli inaishia, au mpaka ule mwisho mwingine ambao nao umebadilishwa jina, si wa kusimama ukiwa umelala kwa saa nne tu. Kazi yangu asubuhi ni behewa la wanawake na watoto. Mstari wa waridi umechorwa chini, maandishi yapo, picha ipo, na bado wanaume huingia wakajifanya wanasoma simu. Faini ni dirhamu 100, ila mimi sitozi. Watozaji wanavaa sare nyingine. Mimi husema "samahani, ndugu" na kunyoosha kidole. Tisa kati ya kumi huondoka. Wa kumi hudai yuko na mke wake, na mke haonekani.

Msongamano ukipungua wanaanza kuja waliolala. Hao ni watu wa zamu ya usiku waliopitiliza kituo chao, na kwa kuwa reli imeishia kwangu, wanaishia kwangu. Simgusi mtu. Nina pete ya fedha aliyonipa mama. Naigonga kwenye ile nguzo ya chuma iliyo karibu na kiti, mara tatu, taratibu. Wengi huanza kwa kushika mfuko wa suruali, ndipo wakafungua macho. Kijana mmoja siku hiyo alinitazama akasema kwa Kiingereza, "Tayari?" kama mtu aliyekuwa kwenye foleni ya kinyozi. Alikuwa anakwenda Deira. Nikamwambia alale tena kidogo, sasa treni inaelekea huko huko.

Saa sita na nusu. Mapumziko. Chapati, dengu, na chai ya karak. Dirishani naona wenzetu wa ujenzi wakiweka zana chini. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba sheria ya nchi inakataza kazi ya juani tangu saa sita na nusu hadi saa tisa, basi wanatafuta kivuli wanalala chali, kofia usoni. Wanajenga Laini ya Bluu: kilomita 30, vituo 14. Upande mmoja itaungana na Laini ya Kijani kule Creek, na upande wa pili itaungana na sisi. Maana yake kituo cha mwisho hakitakuwa cha mwisho tena. Anayetoka Mirdif au Silicon Oasis hatahitaji tena basi kufika kwangu, atakuja kwa treni na kubadilisha hapa. Wamepanga kuifungua 9 Septemba 2029, miaka 20 kamili tangu ile ya kwanza. Wenyewe wanaipenda hiyo tarehe. Mkataba wangu utakuwa umekwisha zamani. Mganda wangu husema atarudi siku hiyo kama abiria, avae miwani ya jua, aulize duka la Centrepoint liko wapi.

Saa nane na robo. Sasa lile jengo la maegesho.

Alinijia mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani, ya kufumwa, simu sikioni. Akaishusha, akaniambia kwa Kiingereza gari lake limeibwa. Nikamuuliza aliliacha wapi. "Hapa." Hapa wapi? "Hapa! Ghorofani!" Kisha akarudi kwenye simu, na hapo ndipo nilipoganda. Akasema kwa Kiunguja kilichonyooka: "Subiri kwanza, nimepewa kijisichana hapa, hata sijui kinaelewa nini."

Ningeweza kusema pale pale. Sijui kwa nini sikusema. Labda ni uchovu, labda nilitaka kusikia kijisichana kitasemwa nini tena. Nikamwelezea utaratibu: kwanza tunazunguka pamoja, tukikosa ndipo tunaita wakubwa. Gari gani? Prado nyeupe. Mnaoijua Dubai mnacheka. Mwambie mtu wa Likoni mbuzi wako amepotea, ni mweupe, ana miguu minne. Ila gari lilikuwa la Oman, na namba za kule ni za manjano. Nikasema afadhali, tutafute manjano.

Vituo vyetu vina kiyoyozi, hata madaraja ya kupitia. Jengo la maegesho halina. Agosti saa nane mchana ndani yake ni kama kufunua sufuria ya wali na kuingiza kichwa. Tulianza ghorofa ya chini. Mzee alitembea mbele akibonyeza kile kitufe cha ufunguo hewani, huku na huku, kama anayenyunyiza marashi kwenye maulidi, na kila gari lililolia mbali alisema "Hilo!" na halikuwa hilo. Mkewe akapiga. Nikaelewa kisa chote bila kuuliza: wamekuja kutembea, wakaacha gari hapa asubuhi kukwepa foleni za mjini, mke yuko Dubai Mall na mjukuu, amenunua vitu visivyobebeka kwenye treni, mzee katumwa akalete gari. "Nakuja! Wamelihamisha. Walinzi wenyewe ndio wezi, wanasimama tu kutwa nzima."

Wanasimama tu. Ghorofa ya pili.

Ghorofa ya tatu akaketi kwenye ukingo akifuta shingo kwa leso, na mie nikaogopa sasa. Mzee wa umri ule, joto lile. Nikampa chupa yangu ya maji. Nikamuuliza kama alipiga picha ya nguzo, maana nguzo zina alama na watu wengi hupiga. Akang'aka kwamba yeye si mjinga, kapiga. Akanipa simu. Picha ilikuwa nzuri sana, ya mjukuu. Mtoto wa miaka sita hivi kasimama mbele ya nguzo, kifua mbele, na ile alama yote kaifunika kwa kichwa.

Lakini nyuma ya bega la mtoto, kati ya nguzo na ukuta, palikuwa na kipande cha nje. Reli mbili zinazopinda kuelekea depo ya treni, na nguzo ya taa. Kichwa cha ile taa kilikuwa sawasawa na kiuno cha mtoto, yaani chini ya macho ya mpiga picha. Mie hupita kila ghorofa ya jengo lile kila siku kukagua, na taa za upande wa depo nazijua zinavyoonekana kutoka kila ghorofa: kuna mahali unaziona kutoka chini, kuna mahali ziko machoni, kuna mahali unazitazama utosini. Pale tulipokaa zilikuwa machoni. Kwa hivyo moja juu, upande wa reli, si upande wa barabara tuliokuwa tukizungukia.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Tupande moja tu. Twende upande ule wa depo."

Akanitazama. Mie nilitarajia aone haya kidogo, nisiwadanganye, nilikuwa nimeiandalia ile haya uso wa huruma. Wapi!

"Marahaba. Kumbe wewe Mswahili! Na wanizungusha juani ghorofa tatu kimya kimya? Kwenu wapi?"

"Mombasa."

"Ndiyo maana." Kisha akaanza kunigombeza upya, safari hii kwa raha zake, kama mtu aliyevua viatu. Kwa nini mabango yameandikwa herufi ndogo. Kwa nini lifti zinafanana. Kwa nini mtoto wa kike mzima kama mimi niko huku badala ya kuwa kwa mama yangu. Kwamba nimekonda. Tukapanda, tukakunja kona, na ile namba ya manjano ikatuangalia kutoka mbali. Kitufe kikalia. Mzee akalizunguka gari mara mbili akilikagua, akapapasa mlango, akasema, "Wamelirudisha."

Nilicheka hadi nikashika nguzo. Yeye hakucheka. Akaingia, akawasha hewa, akashusha kioo nusu: "Dubai Mall napitia wapi?" Nikamwelekeza. Akapiga hatua mbili za gari, akasimama tena, akanirudishia chupa yangu ya maji. Tupu.

Redioni walikuwa wananiita kwa dakika kumi. Nilipokuwa nimepotelea maegeshoni mwenzangu alikuwa akishika nafasi mbili, na alinitolea macho mpaka zamu inakwisha. Mama mmoja na wanawe wanne akaniuliza basi la 102 la Global Village, yale maonyesho ya msimu. Agosti, Global Village imefungwa, mpaka Oktoba. Akasema nimwangalizie vizuri. Nikamwangalizia vizuri.

Jioni iliingia bila kuniarifu. Zamu yangu huisha saa kumi na moja. Basi la waliokuja kutupokea lilikwama njiani na tukaendelea kusimama, saa moja zaidi, au zaidi kidogo, sikutazama. Watu walewale wa asubuhi wakarudi, nyuso zimekunjika, wakishuka kwangu sasa badala ya kupanda. Mmoja alinipungia mkono. Huwa hatuongei, lakini asubuhi nilikuwa nimemwokotea kadi yake ya nol, ile ya nauli.

Kambini nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nimempigia mama. Huko kwao saa bado imechelewa moja nyuma yetu, muadhini wa isha ndio kwanza anamaliza. Nikamhadithia mzee na gari lake kuanzia mwanzo, kijisichana na kila kitu, nikingoja anionee huruma.

"Ni wa ukoo gani?"

"Sijui, mama."

"Hukumuuliza? Mtu wa Unguja, umri huo, na wewe hukumuuliza ni nani? Huenda anamjua marehemu mjomba wako aliyekuwa Malindi ya Unguja kule."

"Mama, nilikuwa natafuta gari."

"Ghorofa tatu umetembea naye!"

Ameniweka hapo robo saa nzima, mpaka maji ya beseni yakapoa. Mganda keshazima taa. Nimetega simu, saa tisa na dakika kumi, nimeiweka chini ya mto.