Kichwa mapajani kama anasukwa

Mi nilikuwa najua kabisa binti yangu anapiga mswaki. Ana miaka minne na nusu, kila asubuhi namwambia nenda kapige mswaki, anaenda, nasikia maji yanamwagika huko bafuni, anarudi kidevu kimelowa mdomo unanukia stroberi, namwambia safiii, gari la shule linapiga honi, huyoo kaondoka. Mwaka na zaidi tumeenda hivyo. Sasa siku moja kakaa kwenye mkeka anacheka na mdogo wake, kichwa kakirudisha nyuma, nikaona gego la chini lina doa jeusi. Nikasema huu ubuyu. Nikachukua kitambaa nikafuta, halitoki. Nikafuta tena. Kumbe tundu.

Kwa daktari wa meno niliulizwa kitu kimoja tu, nani anampigisha mswaki? Nikajibu kifua mbele, anapiga mwenyewe dokta, ameshazoea. Yule mama hakunigombeza wala nini, alimpa mtoto mswaki akamwambia haya mwonyeshe baba unavyofanyaga. Jamani. Alinyonya dawa yote kwanza, halafu akatafuna brashi upande mmoja kama anakula muwa, akagusa meno ya mbele mara tatu, akatabasamu. Sekunde kumi sijui kama zilifika. Nikatamani ardhi ipasuke.

Dokta akaniambia mkono wa mtoto wa umri huu hata kifungo cha shati bado unahangaika nacho, huko nyuma ya gego utafikaje? Mpaka afike miaka saba au nane mtu mzima ndo apige, yeye anajifunzia tu. Nikajitetea, si meno ya utoto haya, yatang'oka tu. Akasema ya mbele sawa, yanaanza kudondoka kwenye miaka sita hivi, ila magego ya utoto yanakaa mpaka miaka kumi, wengine kumi na mbili. Piga hesabu mwenyewe, huyu ana minne na nusu na tundu tayari. Na kuna gego la ukubwani linaota nyuma kabisa kwenye miaka sita bila jino lolote kung'oka, wazazi wengi tunadhani nalo la utoto, linaoza tunaangalia.

Sasa tatizo la kumpigisha likawa mkao. Ukisimama naye mbele ya sinki anainamisha kichwa, anafunga mdomo, anageuka, mnagombana maji yanakumwagikia wewe. Dokta akanionyesha, kaa chini, mtoto akae mgongo kwako, kichwa akilaze mapajani kwako aangalie juu. Nikacheka, maana huo si mkao wa kusukwa nywele? Mtoto wa kike wa kwetu hapo kichwa ameshakilaza tangu ana mwaka, anajua kabisa hapa natulia. Nyumbani nikachukua kigoda, tochi ya simu nikampa mama yake ashike, yaani niliona mpaka la mwisho kule nyuma. Dakika mbili. Brashi unailaza pale jino linapokutana na fizi unazungusha taratibu, husugui kama sufuria.

Vita ikaja kwenye dawa. Mke wangu kakulia Usa River, huko Arusha, anayepajua anajua habari ya maji ya Meru, yana madini ya floridi mengi na mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajitengeneza humo ndani ya fizi yanatoka na rangi ya kahawia. Yeye mwenyewe anayo, kwenye picha zote za harusi kafunga mdomo. Kwa hiyo ile ya stroberi aliichagua yeye makusudi kwa sababu haina floridi, na mi siwezi kumlaumu hata kidogo. Ilibidi turudi wote wawili kwa dokta. Akamwelewesha kule shida ni kuinywa kila siku miaka na miaka, kwenye mswaki ni kidogo na inatemwa, na hiyohiyo ndo inayokaza jino lisitoboke, so tuangalie kwenye tyubu iandikwe floridi angalau 1000 ppm, hicho ndo kipimo chake. Kipimo sasa, chini ya miaka mitatu ni kama punje ya mchele, mitatu mpaka sita kama njegere moja, sio ule mkonga unaojaza brashi nzima kwenye matangazo, ule ni wa kuuza dawa. Na akimaliza ateme tu, asisukutue na maji. Hii ya kutosukutua imenitesa mimi kuliko mtoto, tangu nizaliwe kikombe cha maji kiko pembeni ya mswaki!

Asubuhi tunapiga pia ila usiku ndo hakuna mchezo. Zamani alikuwa anapewa maziwa ya sukari analala nayo mdomoni, na ukilala mate yanapungua, hakuna cha kusafisha, sukari inakesha pale. Sa hivi maziwa kwanza, mswaki, halafu maji tu basi. Ubuyu sijamnyima, ningeanzia wapi na shangazi zake wa Zanzibar, ila anakula akamaliza, sio kumumunya kimoja kimoja kuanzia saa nane mpaka magharibi.

Na kuna makubaliano, ili mimi nimpige lazima yeye anipige kwanza. Nalala kwenye mkeka mtu mzima na ndevu zangu, ananisokomeza mswaki mpaka kooni, ananiambia 'aaa sema aaa, usilie baba'. Juzi kashika tochi kanikazia macho, eti baba una kitu huku nyuma cheusi. Nikamwambia acha utani wewe, hiyo maharage. Mama yake akaja kuchungulia.

Dokta kanipa Alhamisi, saa tatu asubuhi.